Muhogo Ulipohamia Wizara ya Madini

Wanaosema Shibenia haipo hawajawahi kupanga foleni nchini humo. Ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozikumbuka, na ina katiba ambayo ibara yake ya kwanza inatamka kwamba kila Mshibenia ameshiba. Serikali iliyoandika maneno mazuri kiasi hicho haiwezi kulaumiwa kwa lolote. Mtu akionekana ana njaa, yeye ndiye anayevunja katiba, na kwa kuwa Washibenia ni watu wenye haya, wengi hujifungia ndani mpaka hali ipite. Hata neno lenyewe, njaa, liliondolewa redioni zamani. Watangazaji husema “shibe iliyochelewa njiani.”

Mkuu wa nchi huitwa Mkulima Namba Moja. Jina lake halisi haliruhusiwi kusomwa na mtu aliyekaa, na kwa kuwa wengi wenu hapa mmekaa, tuliache.

Basi nchini humo aliishi mtafiti wa mihogo aitwaye Dokta Sikudhani Mbonde, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyesahau kitu jikoni. Alifanya kazi katika Taasisi ya Kilimo Endelevu, ambako kukaa ndiyo kazi yenyewe. Wenzake walikaa vizuri, walikaa kwa miaka, wengine walistaafu wakiwa wamekaa. Yeye hakuweza. Akiitwa kikaoni alisimama mlangoni, akipewa kiti alikaa pembeni mwa kiti, na mguu wake mmoja ulikuwa hautulii chini ya meza hata wajumbe wakadhani kuna tetemeko. Watu wa ofisini walimwonea huruma. Walisema maskini, huyu hajazoea serikali.

Mwaka huo ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliingia Bonde la Msasambe. Ni ugonjwa wenye hila. Majani hubaki ya kijani, shina husimama wima, na mwenye shamba hupita asubuhi akamshukuru Mungu. Siku ya kuvuna ndipo anapong'oa muhogo, akaukata, akakuta ndani umeoza na kukauka kama gome. Msasambe wote ulikula muhogo. Asubuhi uliliwa wa kuchemsha, mchana ugali wake, na wageni waliandaliwa wa kukaanga.

Sikudhani alikwenda huko na basi, akapokelewa na mjane mmoja aitwaye Bi Nakashwa, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliyekuwa na shamba zuri kando ya kijito na wajukuu tele nyumbani. Bi Nakashwa alimpeleka shambani, akang'oa shina moja mbele yake, akalipasua kwa panga, kisha akamwonyesha. Akang'oa la pili. La tatu alilishika tu shina, akaliacha.

“Nimechoka kuyapasua,” alisema. “Kila nikipasua moja naona napasua siku ya kesho.”

Sikudhani alirudi mjini akiwa hana raha kabisa, maana nyuma ya Taasisi, kwenye kiwanja ambacho wenzake walikitumia kuanikia nguo za michezo, alikuwa amezalisha kwa miaka mingi mbegu ya muhogo ambayo michirizi haikuweza kuishinda. Aliiita Tulia, kwa sababu ugonjwa ukipita shambani mbegu hiyo ilitulia tu kama haijaona kitu. Alikwishakata pingili na kuzifunga mizigo mizigo chini ya kivuli. Lakini pingili ya muhogo si jiwe. Ikikaa wiki chache macho yake hukauka, na ikikauka inafaa kuni tu. Na mvua za kupandia zilikuwa zinanukia.

Akaenda kwa mkurugenzi wake, Profesa Kagoma, akamwomba ruhusa na gari. Profesa alikuwa mtu mwema, mnene wa sauti, aliyependa kueleza. Alimweleza kwa upole kwamba hakuna utafiti unaoweza kutoka nje ya lango kama haumo katika Vipaumbele vya Taifa vya Utafiti wa Kilimo Endelevu. Sikudhani akauliza vipaumbele hivyo viko wapi. Profesa akasema havijapangwa, na kwamba kuvipanga ndicho kipaumbele cha kwanza. Kongamano la kuvipanga lilikuwa limeahirishwa mara kadhaa kwa kukosa mada, ila sasa mada ilikwisha kupatikana. Akamshauri awe na subira.

“Mimi subira ninayo, Profesa,” Sikudhani alisema. “Pingili ndizo hazina.”

Kongamano lilifanyika katika hoteli kubwa ya mji mkuu, ndani ya ukumbi wenye ubaridi wa kutosha kuhifadhi nyama. Nyuma ya meza kuu palitundikwa kitambaa kilichoandikwa: MFUMO WA CHAKULA NI WETU SOTE. Chakula chenyewe kilikuja kwa ndege kutoka ng'ambo, pamoja na wataalamu wake. Siku nzima ya kwanza iliishia kwenye maana ya neno “endelevu.” Kundi moja lilisema ni kitu kinachoendelea. Kundi la pili likasema hapana, ni kitu kinachoendelezwa. Ikaundwa kamati ndogo, na kwa kuwa kamati ile inaendelea mpaka leo, kundi la kwanza lilionekana kuwa na hoja.

Siku iliyofuata Sikudhani alipata nafasi. Alisimama akaeleza habari za Msasambe, akaomba muhogo uwekwe katika vipaumbele kabla mvua hazijaanza. Hakutaja neno njaa. Alisema shibe imechelewa sana njiani na huenda imepotea. Kisha Waziri wa Kilimo, ambaye hakupenda kuulizwa habari za Msasambe, akauliza muhogo unaingia katika nguzo gani. Pale palikuwa na nguzo ya nafaka, nguzo ya matunda, nguzo ya mboga na nguzo ya mifugo. Wakautafutia nafasi kwa moyo wote. Haukuwa nafaka. Tunda hauwi. Mboga ni majani yake, si wenyewe. Mtu mmoja wa nyuma alitaka uingizwe kwenye mifugo kwa kuwa nguruwe huupenda, akaambiwa akae.

Ndipo mwanasheria wa serikali akasimama, akavaa miwani, akasoma Sheria ya Rasilimali: chochote kilichofunikwa na udongo wa Shibenia na kupatikana kwa kuchimbwa ni madini, na ni mali ya dola.

“Muhogo,” akauliza kwa utulivu, “unapatikanaje?”

Hakuna aliyeweza kukana kwamba unachimbwa. Waziri wa Kilimo alishukuru kwa ufafanuzi huo mpaka akakaribia kutoa machozi. Waziri wa Madini, mtu ambaye hajawahi kukataa kupokea kitu, akasimama na kuupokea. Makofi yakapigwa. Kabla ya chai ya jioni, muhogo, viazi vitamu, karanga na njugu mawe vyote vilikuwa vimehamia Wizara ya Madini, na fuko anayechimba mashimo mashambani akatambuliwa rasmi kuwa mchimbaji mdogo asiye na leseni.

Sikudhani hakupiga makofi. Alitoka nje akazunguka uwanja wa magari, akazunguka tena, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza ufunguo. Alikuwa anawaza mizigo yake ya pingili iliyolala kivulini. Akawaza na macho ya Bi Nakashwa. Mtu mwingine angerudi nyumbani akalalamika kwa jirani. Yeye alikwenda kufungua mizigo, akaimwagia maji, na kulipokucha alikuwa wa kwanza mlangoni pa Wizara ya Madini.

Ofisa wa leseni alikuwa kijana nadhifu sana. Alimuuliza kama madini yake ni ya thamani au ya viwandani. Sikudhani akafikiri, akasema ya thamani. Akaulizwa kiwango cha usafi. Akasema ukimenya, yote ni safi. Akaulizwa yanatumika kwa nini, akasema yanaliwa. Hapo ofisa aliinua kichwa, akamwambia kwamba katika miaka yake yote ofisini hapo hakuwahi kuona madini ambayo mwananchi wa kawaida alipata sehemu yake. Kisha akagonga muhuri. Leseni ilisema Dokta Sikudhani Mbonde ni mtafutaji wa madini ya muhogo katika Bonde lote la Msasambe, na kwamba sampuli zake zisizuiwe popote.

Na hapa lazima tuseme haki, tusiwe watu wa kulaumu tu. Magari ya Wizara ya Kilimo yalikuwa juu ya mawe tangu yaliponunuliwa, lakini Wizara ya Madini ilikuwa na malori mapya yenye mafuta mpaka juu. Pingili za Tulia zilipakiwa kwenye lori lenye maandishi mekundu, SAMPULI ZA MADINI, USIGUSE. Kila kizuizi barabarani askari walipiga saluti. Dereva alisema hajawahi kuona mzigo wa shambani ukipewa njia namna ile. Sikudhani alikaa pembeni mwa kiti, macho mbele kwenye mawingu, akimhimiza.

Msasambe walipoliona lile lori, walifunga milango. Ng'ambo ya kilima walikuwa wamewahi kuja watu wa dhahabu, nao walianza hivyo hivyo, kwa kusema wanatazama tu. Ng'ambo hiyo sasa ilikuwa shimo. Sikudhani alipiga hodi nyumba kwa nyumba. Alisema yeye ni yule yule wa mihogo. Wakamjibu kutoka dirishani kwamba yule wa mihogo alikuja na basi. Mwishowe Bi Nakashwa alitoka, akalizunguka lori, akapanda, akachomoa pingili moja, akaikwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa pabichi.

“Nieleze,” akasema.

Sikudhani akamweleza kila kitu, hata kongamano, hata fuko. Bi Nakashwa hakucheka. Aliuliza tu inatakiwa nini. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana ili ugonjwa uishe na bonde zima lipone, mimea yote ya zamani ilipaswa kung'olewa na kuchomwa, hata ile ambayo mizizi yake ilikuwa na kipande kizuri cha kukatia mtoto. Walibishana siku kadhaa. Wengine walisema afadhali nusu muhogo kuliko leseni. Bi Nakashwa ndiye aliyeanza. Aling'oa shamba lake lote kando ya kijito, akalichoma, akasimama upande wa moshi ili watu wasijue kama analia au la. Wengine wakafuata.

Wakapanda, na mvua ikanyesha.

Ikafuata miezi ya taabu. Watu waliingia porini kuchimba ming'oko, mizizi mwitu ya kula, ambayo nayo sasa ilikuwa madini, lakini Serikali haikujua njia ya porini. Sikudhani alihamia kwa Bi Nakashwa, akalala chumba kimoja na wajukuu. Hakupumzika. Alfajiri alikuwa tayari mashambani akigeuza majani kutazama inzi weupe wanaoeneza ugonjwa, akikwaruza mashina, akiulizia wingu, akirudi shamba lilelile alilotoka sasa hivi. Watoto walianza kuiga mwendo wake. Bi Nakashwa alimwambia muhogo haukui kwa kuchunguliwa, naye akakubali, kisha akatoka kwenda kuuchungulia.

Tulia ilikua. Ilipasua matuta. Sikudhani, kwa uaminifu ambao baadaye aliujutia, aliandika Wizarani kwamba utafutaji umefanikiwa.

Jioni moja redio ikatangaza kwamba hazina kubwa ya muhogo imegunduliwa Msasambe, kwa maono ya Mkulima Namba Moja, ambaye alikuwa ameihisi tangu utotoni. Wawekezaji wa ng'ambo walikuwa njiani. Mpaka wafike, bonde lote ni hifadhi ya madini, na ni marufuku kwa mtu yeyote kuchimba.

Akaletwa mkaguzi wa migodi, Bwana Fumbuka, mtu mrefu mwenye kofia ngumu ya njano na kitabu cha sheria kwapani. Alizungushia mashamba utepe wa mistari. Alikusanya watu, akawasomea kwa sauti nzuri kwamba kilichofunikwa na udongo ni mali ya dola. Akaongeza kwamba Serikali ina huruma: majani yaliyo juu ya ardhi yanabaki kuwa ya wananchi.

Kwa hiyo wakala kisamvu. Walikitwanga, wakakipika na chumvi, wakakila asubuhi, wakakila jioni, bila ugali wa kumegea. Chini ya miguu yao mizizi ilizidi kunenepa. Watoto walianza kuwa na tabia ya kulala mchana.

Usiku wa kwanza baada ya tangazo hakuna aliyemlaumu Sikudhani, na wa pili pia. Ilikuwa mchana mmoja, wakitwanga, ndipo Bi Nakashwa aliposimamisha mchi.

“Ulituambia tung'oe,” akasema. “Tukang'oa.”

Akarudia kutwanga. Sikudhani alitoka akaenda kando ya kijito, na kwa mara ya kwanza tangu ajitambue alikaa chini kabisa, matako yakagusa ardhi, asijue aende wapi. Leseni ilikuwa na jina lake. Yeye ndiye aliyekwenda mlangoni mwa Madini akagonga. Alifikiria kurudi mjini kuwaomba wamwondolee hazina yake, akajua watamwundia kamati.

Ilivyotokea ni kwamba Bwana Fumbuka naye alikuwa amepangiwa nyumba ileile ya Bi Nakashwa. Wizara ilimwahidi kumletea chakula chake, lakini lori la chakula lilihitaji kuwekwa katika vipaumbele vya malori. Akawa anakula kisamvu kwenye chungu kimoja na wenyeji wake. Mwanzoni alikula akiwa amevaa kofia. Baadaye uso ulimsinyaa, kofia ikawa inamshuka mpaka machoni, akalazimika kuinua kichwa ili aone anayezungumza naye. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa sheria. Ila nyakati za mchana alionekana akitembea peke yake kati ya matuta, kitabu mkononi, akisoma fungu lile lile.

Mvua moja kubwa ilinyesha ikakokota udongo. Kesho yake saa za mchana Bwana Fumbuka alimwita Sikudhani shambani. Alikuwa amechutama kwenye tuta la kando, akitazama muhogo mmoja mkubwa ambao maji yalikuwa yameufunua toka kichwani mpaka nchani. Ulilala pale juani, msafi, kama mtu aliyejifunua shuka.

“Dokta,” akasema, “wewe ni mtaalamu. Huu umefunikwa na udongo?”

Sikudhani akautazama.

“Haujafunikwa.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Bwana Fumbuka akafungua kitabu, akasoma tena, midomo ikicheza. Akakifunga. “Basi si madini.”

“Ni nini, basi?”

“Hiyo si idara yangu,” alisema mkaguzi. Akauvunja ule muhogo kutoka shinani, akaukata. Ndani ulikuwa mweupe pe, toka mwanzo hadi mwisho. Akaanza kuutafuna mbichi, polepole, akiwa amefumba macho.

Sikudhani hakusubiri amalize. Alikimbia mpaka uani, akachukua jembe, hakueleza kitu, akarudi shambani kwa Bi Nakashwa, akavuka utepe, akaanza kuondoa udongo pembeni mwa shina. Hakuchimba. Alikwangua udongo kwa ncha ya jembe na kwa mikono, akausogeza kando kwa uangalifu, mpaka mizizi yote ikawa nje ikiota jua, na shina bado limesimama. Bi Nakashwa alikuja akasimama nyuma yake. Alitazama mizizi, akamtazama mkaguzi aliyekuwa bado anatafuna, akapiga magoti upande wa pili wa tuta na kuanza kukwangua.

Habari ilienda upesi kuliko redio. Watu walitoka na majembe, na vifuu, na mikono mitupu. Mchana kweupe, bonde zima lilipiga magoti likifunua matuta. Bwana Fumbuka alipita tuta hadi tuta, kofia ameiinua kwa kidole, akikagua kila shina kama wajibu wake ulivyomtaka. Palipofunuliwa vizuri alitamka, “Si idara yangu,” na wenyewe wakavuna. Palipobaki udongo kidogo alisimama akasubiri upanguswe. Jioni ile kila nyumba ilifuka moshi. Watoto walilala kwa shibe iliyokuwa imefika.

Sikudhani alimenyewa kipande cha kuchoma na Bi Nakashwa mwenyewe. Alikila amesimama. Waliangaliana, na hakuna aliyeomba radhi, ila Bi Nakashwa alimkatia kingine kikubwa zaidi.

Mji mkuu, kama mnavyojua, haukufurahi. Wawekezaji walionyeshwa hazina kwenye ramani, wakataka kuiona kwa macho. Redio ilieleza kwamba madini ya Msasambe ni ya aina adimu inayopanda juu yenyewe. Kongamano jipya likaitishwa, na kipaumbele cha kwanza cha utafiti wa kilimo endelevu kikapatikana kwa kauli moja: kubaini kisheria maana ya neno “kufunikwa.” Mwanasheria wa serikali alipendekeza sheria iseme “kilichofunikwa au kilichowahi kufunikwa,” na wote wakaona amemaliza. Kilichobaki ni Bunge kupitisha, na Bunge lilikuwa mapumzikoni.

Bwana Fumbuka ndiye aliyeleta habari hizo. Alizisema kwa sauti yake ileile ya kusomea sheria, kisha akavua kofia, akaiweka juu ya kinu, akauliza kama pingili zinafungwa kwa kamba ya katani au ya mgomba.

Maana wakati huo walikuwa wamekwisha kuanza kukata. Mtu alikuwa amekuja kutoka bonde la pili, upande wa machweo, akasema kwao majani ni ya kijani sana, mashina yamesimama wima, na muhogo wa kwanza waliong'oa ulitoa harufu. Sikudhani hakumwacha amalize hata maji aliyopewa. Walikata mashina ya Tulia shamba hadi shamba, wakafunga mizigo, na watu wakajipanga kwenye njia ya kilimani, kila mmoja na mzigo kichwani. Lori la Madini halikuombwa. Safari hii hakuna aliyetaka leseni.

Walipofika juu, Sikudhani aligeuka. Kule chini, kwenye barabara ya bondeni, vumbi refu lilikuwa linaingia Msasambe, na mbele yake ziliwaka taa za magari ya serikali. Akasimama akiyahesabu kwa macho, mzigo ukimwelemea shingo, asijue kama arudi akajibu au aende.

Bi Nakashwa alimpita bila kupunguza mwendo.

“Usiwatazame, mwanangu,” alisema. “Wao wanakuja kukaa. Twende tukapande.”